Filamu za zama za mahipi za kuonya vijana juu ya dawa za kulevya: ipi uonyeshe, ipi uiache

Mwalimu wa malezi, kiongozi wa vijana wa msikitini au kanisani, hata mzazi mwenye projekta ndogo na ukuta mweupe, leo anaweza kupakua bure filamu kadhaa zilizotengenezwa Marekani katika zama za mahipi (vijana wa miaka ya 1960 waliofuga nywele ndefu na kuyakataa maisha ya wazazi wao) kuwaonya vijana juu ya dawa za kulevya. Nyingi zimewekwa kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ya filamu za zamani za shule imetokana na Rick Prelinger, aliyeanza kuzikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati maktaba zilikuwa zinazitupa. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani ikauchukua mkusanyiko wake.

Kuzipata, basi, si kazi. Kazi ni kuchagua. Majina yake yanafanana, rangi zake zinafanana, sauti za wasimulizi zinafanana, na baadhi yake zinasema mambo yasiyo kweli. Kijana akigundua uongo mmoja, anautupa pamoja na kweli zote zilizokaa karibu nao, na hapo aliyemwonyesha filamu amemdhuru bila kukusudia. Hilo ndilo linalonisukuma kuzilinganisha hapa, na ndiyo sababu sizipimi kwa uzuri wa picha.

Niseme mapema ninaposimama: ukiwa na nafasi ya filamu moja tu, chukua Hooked ya mwaka 1966. Nyingine zina mahali pake, na moja au mbili ningezifungia kabatini zisionwe na watoto kabisa.

Kwanza, zilitoka wapi

Baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya elimu ya 1958 iliyotoa fedha za kununua vifaa vya kufundishia. Projekta za milimita 16 zikaenea shuleni, na sheria nyingine ya 1965 ikaongeza fedha. Bobini moja, yaani gurudumu la kuzungushia filamu, ya futi 400 huenda dakika 11 hivi, ndiyo maana filamu nyingi za shule za miaka ile huishia kwenye dakika kumi na kitu. Mwalimu aliazima bobini kwenye maktaba ya filamu ya wilaya, akazima taa, akawasha mashine.

Filamu za kuonya juu ya dawa zilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1951 kampuni ya filamu ya Encyclopaedia Britannica ilitoa Drug Addiction, ambamo vijana waliovuta bangi wanakunywa soda kwenye chupa zilizovunjika na kujikata midomo huku wakicheka. Kilichobadilika katikati ya miaka ya 1960 ni LSD, dawa inayomfanya mtu aone na kusikia mambo yasiyokuwapo. Dawa hiyo iliundwa mwaka 1938 na mkemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, naye akaja kutambua nguvu yake mwaka 1943. Kwa miaka mingi ilibaki mikononi mwa madaktari wa akili na watafiti. Ilipofika vyuoni na mitaani, jimbo la California likaipiga marufuku tarehe 6 Oktoba 1966, na kiangazi cha 1967 maelfu ya vijana wakamiminika mtaa wa mahipi wa Haight-Ashbury, San Francisco. Wazazi walishikwa na hofu, wilaya za shule zikataka kitu cha kuonyesha upesi, na watengenezaji wadogo wa Los Angeles na kwingineko wakaitikia. Haraka ile inaonekana ndani ya filamu nyingi za wakati huo.

Hooked au Marijuana?

Hizi mbili nazipa nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu zinashughulikia dawa mbili zinazotusumbua sisi huku, heroini na bangi, na kwa sababu zinatofautiana katika jambo ninaloliona la msingi: nani anasema.

Hooked ni ya Churchill Films ya Los Angeles. Ni nyeusi na nyeupe, kama dakika 20. Haina nyota wa sinema wala muziki wa kutisha. Vijana wa miaka 18 hadi 25 waliokuwa waraibu wa heroini wanaeleza yaliyowapata: jinsi uraibu ulivyokuwa, ulivyowafanyia uhusiano wao na watu wao, na jinsi walivyojiona wao wenyewe. Wanasema kwa lugha ya mtaani, bila kupamba. Wapo wanaosita katikati ya sentensi wakitafuta neno, na mtayarishaji hakuwasaidia kwa kuwawekea sauti ya msimulizi juu yao.

Marijuana ilitoka mwaka 1968, kazi ya Max Miller na kampuni yake Avanti Films. Ni ya rangi, inapita nusu saa. Inaanza na polisi wakivamia sherehe ya vijana, na vijana wale wakikamatwa wanapaza sauti wakitetea bangi. Kisha anatokea mwimbaji Sonny Bono, aliyejulikana sana pamoja na mkewe Cher, amevaa nguo ya dhahabu inayong'aa, akaanza kuzijibu hoja zile moja baada ya nyingine.

Kwa muundo, Marijuana ilipiga hatua nzuri. Haikumfanya kijana kuwa mjinga. Ilimpa nafasi ya kusema kwamba pombe ni mbaya zaidi, kwamba kila mtu anavuta, kwamba sheria ni ya kizamani, ndipo ikajibu. Na inamalizia kwa kumwachia kijana uamuzi. Mwalimu wa midahalo angeweza kuchukua dakika tano za mwanzo, akasimamisha filamu, akawaambia wanafunzi wajibu wao wenyewe kabla ya kumsikia Bono. Somo zuri litapatikana hapo.

Linaloiangusha ni mengine. Kuna mahali kijana anajitazama kwenye kioo na uso wake unageuka kuwa kinyago cha zimwi. Kijana yeyote wa Temeke au Likoni aliyewahi kumwona jirani akivuta msokoto anajua kwamba bangi haifanyi hivyo. Halafu Bono mwenyewe: macho mazito, sauti ya kuburuta. Watazamaji wengi wa baadaye wamesema anaonekana kama mtu aliyelewa, na filamu ikapata maisha ya pili kama kichekesho cha wavutaji. Sioni sababu ya kumlaumu yeye. Aliletwa pale kama nyota, na nyota hana ushuhuda wa kutoa. Mtoto akiuliza, “Wewe umeyajuaje?”, Bono hana jibu. Wale wa Hooked wanalo.

Kuna jambo jingine. Bangi inayozungumzwa mwaka 1968 si ile iliyopo leo. Katika sampuli zilizokamatwa na polisi Marekani, kiwango cha THC, kemikali inayolevya, kilipanda kutoka asilimia 4 hivi mwaka 1995 hadi asilimia 12 hivi mwaka 2014. Kwa hiyo filamu inatia chumvi pale inapoonyesha zimwi, na inapunguza uzito wa hatari halisi inayomkabili kijana wa sasa: kuanza mapema, kuvuta kila siku, na akili inayoyumba kwa wale wenye asili ya maradhi ya akili.

Kwenye pwani yetu nyongeza nyingine inahitajika. Hapa bangi na heroini mara nyingi hukutana ndani ya msokoto mmoja, ule unaoitwa kokteli, na wengi walioishia kwenye sindano walianza kwa kuuvuta huo. Filamu nyingi za Marekani za zama zile zinabishana kama bangi inampeleka mtu kwenye heroini kwa njia ya tabia. Hakuna hata moja kati ya hizi inayojua habari ya kete ya heroini kunyunyiziwa juu ya bangi. Hilo lazima alieleze mtu wa hapa.

Hooked nayo ina upungufu. Vijana wake wanazungumza Kiingereza cha mtaani cha Marekani cha zaidi ya nusu karne iliyopita, na sauti si safi. Upungufu ulio mzito zaidi ni wa tiba. Mwaka 1965 ndio kwanza madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walikuwa wametangaza matokeo ya kutumia methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, kwa waraibu. Kwa hiyo Hooked ni filamu ya wakati ambapo aliyetaka kuacha mara nyingi alipambana na alosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, peke yake, au gerezani. Ukiionyesha Dar es Salaam bila kusema kwamba Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni tangu mwaka 2011, au Mombasa na Malindi bila kutaja vituo vya huko, unawaacha watoto na picha ya shimo lisilo na ngazi. Na kwenye chumba cha watoto 40 wa pwani, huenda yupo mwenye kaka au mjomba teja. Huyo anahitaji kusikia habari ya ngazi kuliko mwingine yeyote.

Hata hivyo naichagua. Nyuso zile hazijachakaa.

Za LSD: karibu zote ni za somo la historia

LSD si dawa inayotafuta watoto wa shule Tanga au Kisumu. Kuwaonyesha filamu ya nusu saa juu yake ni kutumia saa nzuri kwa adui asiyekuwepo, na pengine kuwafungulia udadisi ambao hawakuwa nao. Kwa mwanafunzi wa historia au wa uandishi wa habari mambo ni tofauti: hapa ndipo penye funzo kubwa kuliko yote kuhusu jinsi onyo linavyoharibika.

Insight or Insanity?, ya Max Miller yuleyule, inaongozwa na Sal Mineo, mwigizaji aliyejulikana tangu 1955 alipocheza na nyota wa sinema James Dean. Ndani yake, kama kwenye filamu nyingi za LSD za miaka ile, limo dai kwamba dawa hiyo inavunja kromosomu, nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli, na kuharibu kizazi. Dai hilo halikutungwa na watengenezaji filamu. Mwezi Machi 1967, jarida la Science lilichapisha ripoti ya Maimon Cohen na wenzake: seli nyeupe za damu zilizowekewa LSD maabara zilionyesha kromosomu zilizokatika, na hali kama hiyo ilionekana kwa mgonjwa mmoja aliyewahi kutibiwa kwa dawa hiyo. Kutoka mgonjwa mmoja na vichupa vya maabara, magazeti yakafika kwenye watoto vilema, na filamu zikafuata magazeti. Mwaka 1971 jarida lilelile likachapisha mapitio ya Norman Dishotsky na wenzake yaliyokusanya tafiti zilizofanyika, yakahitimisha kwamba LSD safi kwa kipimo cha wastani haiharibu kromosomu. Sayansi ilikuwa imejisahihisha, kama inavyopaswa. Lakini bobini iliyokwisha kuchapishwa na kununuliwa haijisahihishi, na nyingine ziliendelea kuzungushwa madarasani.

Lilikuwapo na la uongo mtupu. Januari 1968 Norman Yoder, aliyesimamia ofisi ya jimbo la Pennsylvania ya kuwahudumia wasioona, alitangaza kwamba wanafunzi sita wa chuo walikuwa wamepofuka kwa kulikodolea jua wakiwa wamelewa LSD. Habari ikasambaa nchi nzima. Ndani ya siku chache gavana Raymond Shafer akatangaza kwamba kisa kile ni cha kubuni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini madhara yake yalidumu: hadithi ya vijana waliopofushwa na jua ilirudiwa kwa miaka, na kila aliyejua ukweli wake alipata sababu ya kutoamini lolote jingine analoambiwa na wakubwa.

LSD-25 ya mwaka 1967, ya David W. Parker, ina ubunifu usio wa kawaida: msimulizi ni dawa yenyewe, inayojitambulisha na kueleza inavyoingia mwilini mwa mtu. Kwa upande wa usanii ndiyo inayonivutia kuliko zote za kundi hili. Sauti ile tulivu inatia hofu kuliko vinyago. Kwa mwanafunzi anayejifunza kuandika maandiko ya filamu, ningempa hii.

Kampuni ya ndege ya Lockheed, ambayo mtu asingeitegemea kwenye orodha hii, ilitoa mwaka 1969 mfululizo mfupi ulioitwa Case Study, kila kipande kikihusu dawa moja. Kile cha LSD ni cha dakika chache tu: msichana anasimulia jinsi alivyonunua soseji katika mkate, soseji ikaanza kuzungumza naye, ikamwambia ina mke na watoto saba wa kulisha. Anaing'ata, inapiga kelele. Watoto watacheka, na watakachokumbuka ni soseji. Iache.

Jeshi la Wanamaji la Marekani nalo lilitengeneza yake, LSD ya mwaka 1967, ambamo daktari wa jeshi anazungumza moja kwa moja na mabaharia kwa zaidi ya nusu saa. Ni ndefu na ni nzito, ila ina hoja moja ambayo filamu za shule hazina: kwenye meli, mtu aliyelewa anahatarisha maisha ya wenzake wote walioko zamu. Ukiwa unazungumza na madereva wa malori, manahodha wa boti au makuli wa bandarini, hoja hiyo ni ya kuazima. Filamu yenyewe huihitaji.

Kwa watoto wadogo: Alice au Anita Bryant?

Hapa sina kusita. Curious Alice, iliyotengenezwa kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani na kusambazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ililenga watoto wa miaka 8 hadi 10. Msichana Alice anasoma kitabu, anaingia kwenye nchi ya maajabu ya katuni, na kila kiumbe anachokutana nacho kinawakilisha dawa: kiwavi anavuta bangi, Mtengeneza Kofia ana LSD, Sungura wa Machi amechangamshwa na amfetamini, Panya Msinziaji amelemewa na dawa za usingizi, Mfalme wa Kopa ana heroini. Michoro yake ni ya kupendeza mno, rangi zinacheza, kila kitu kinayeyuka na kuchanua. Na hapo ndipo ilipokosea. Baraza la Taifa la Uratibu wa Elimu ya Dawa za Kulevya la Marekani liliipitia mwaka 1972 na kuona kwamba mtoto anaweza kuvutiwa na ile nchi ya ndoto akapoteza ujumbe. Nakubaliana nalo kabisa. Mtoto wa darasa la tatu ambaye hajawahi kusikia habari ya amfetamini anatoka pale akiwa anaijua, na anaijua kupitia sungura mchangamfu.

Drugs Are Like That ni ya mwaka 1969, dakika 17, ilidhaminiwa na umoja wa wanawake wa hisani wa Miami, Junior League, na msimulizi wake ni mwimbaji Anita Bryant. Watoto wawili wanaunda mashine kwa vitofali vya kuchezea huku wakizungumza, na mazungumzo yao yanaleta mifano: mtoto mchanga anayenyang'anywa chuchu ya bandia na kulia, mazoea yanayoanza kama mchezo, mashine nzima inayoharibika kwa kipande kimoja kuwekwa vibaya. Filamu haionyeshi dawa kwa namna ya kutamanisha, wala haitishi. Inafundisha kitu kimoja ambacho mtoto wa miaka 9 anaweza kukielewa: kuna vitu ambavyo kuviacha ni kugumu kuliko kuvianza. Lugha yake ni nyepesi kutafsiri. Kwa watoto wa madarasa ya chini ndiyo chaguo langu, tena pekee.

Kwa wazazi

Wazazi wetu huitwa kwenye mikutano ya shule kuambiwa watoto wao wanavuta, wanarudi nyumbani wamekasirika, na mtoto anapigwa. Kwa mkutano kama huo kuna mbili za kulinganisha.

Keep Off the Grass ya mwaka 1970 ni ya Sid Davis, aliyekuwa akisimama badala ya nyota wa sinema John Wayne wakati wa kupanga taa na kamera, na aliyeanza kutengeneza filamu kwa mkopo wa dola 1,000 kutoka kwa Wayne mwenyewe. Davis alijulikana kwa filamu za gharama ndogo ambazo ndani yake kosa dogo humwangamiza mtoto. Katika hii, mama anakuta msokoto chumbani mwa mwanawe Tom. Jambo zuri ni kwamba baba hamrukii. Anamtaka kijana aende akajionee mwenyewe bangi inawafanyia nini watu. Jambo baya ni kwamba kila anachokiona Tom kimepangwa kumthibitishia baba. Mazungumzo yale ya mwanzo, kama dakika tatu au nne, yanafaa kuonyeshwa wazazi na kujadiliwa. Mengine ni mahubiri.

Beyond LSD ya mwaka 1967 inachukua njia nyingine. Jina linadanganya kidogo, maana LSD yenyewe imeguswa kwa juu tu. Kinachozungumzwa ni ukuta uliosimama kati ya wazazi na vijana: wazazi wanaosikia nywele ndefu na muziki wa kelele na kukosa kumsikia mtoto. Kwa maoni yangu hii ndiyo filamu yenye ukomavu kuliko zote za kundi la wazazi. Nyumba zake ni za Wamarekani wenye maisha mazuri, magari na bustani, na mzazi wa Manzese anaweza kujiona hahusiki. Dawa yake ni kuonyesha kipande kimoja cha ugomvi wa mezani, kisha kuuliza: kwako huwa inakuwaje? Hapo watu wataanza kusema.

Hukumu ya wenyewe

Anayedhani nazipima kwa ukali kupita kiasi azingatie Wamarekani wenyewe walizihukumuje. Baraza nililolitaja lilipitia zaidi ya filamu 200 za aina hii, na zilizopita bila pingamizi zilikuwa chache tu. Sehemu kubwa zilionekana ama zina makosa ya kisayansi ama zinahitaji uangalifu mkubwa katika kuonyeshwa. Mwaka 1973 tume ya taifa ya bangi na dawa za kulevya, iliyoongozwa na Raymond Shafer, gavana yule aliyefichua uongo wa Pennsylvania, ilipendekeza shule zisimamishe programu za elimu ya dawa hadi zilizopo zipimwe. Mwaka huohuo ofisi maalumu ya Ikulu chini ya Dk. Jerome Jaffe ikasimamisha utengenezaji wa vifaa vipya vya aina hiyo kwa fedha za serikali kuu. Hawa walikuwa watu waliopewa kazi ya kupambana na dawa, na bado waliona ni heri kunyamaza kwa muda kuliko kuendelea kusema ovyo.

Wakati huohuo upande wa pili uliona faida. Mwaka 1972 Keith Stroup, mwanzilishi wa chama kinachopigania bangi ihalalishwe, alinunua nakala ya filamu ya kuonya ya mwaka 1936, Tell Your Children, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Reefer Madness, kwa dola 297. Akaizungusha vyuoni, wanafunzi wakaangua kicheko, na fedha za viingilio zikaenda kwenye harakati zake. Filamu iliyotengenezwa kuizuia bangi ikawa inaichangia fedha, kwa sababu ya chumvi iliyotiwa miaka 36 kabla. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo kwa anayefikiri kwamba kumtisha mtoto kwa uongo hakuna hasara.

Ukishachagua

Tafsiri ndiyo itakayokuangusha au kukubeba. Usitegemee maandishi ya chini yanayotengenezwa na kompyuta. Lugha ya mtaani ya 1966 inayachanganya. Sisi tuna utamaduni wa vibanda vya video, ambapo mtu anakaa na maikrofoni akiifasiri filamu papo hapo kwa Kiswahili cha watu. Tafuta kijana mwenye kipaji hicho, mpe Hooked aiangalie mara kadhaa nyumbani, mwambie apunguze sauti ya filamu bila kuizima, ili watoto waendelee kusikia mtu halisi akisema. Aseme alosto, aseme kete, aseme unga. Akisema “dalili za kujiondoa” darasa litalala.

Katika dakika 20 za Hooked simamisha angalau mara mbili. Usiulize watoto wamejifunza nini. Waulize yule aliyekuwa anazungumza anamkumbusha nani, na usimlazimishe mtu kutaja jina. Zanzibar na Mombasa kuna nyumba za waliopata nafuu, na wapo watu waliotoka kwenye uraibu walio tayari kuzungumza na vijana. Mmoja wao akikaa mbele ya darasa baada ya filamu, mpe muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Zungumza naye siku moja kabla, mwonyeshe filamu nzima akiwa na mtu wake wa karibu. Kwa mtu aliyeacha, picha ya sindano, kijiko au msokoto inaweza kuamsha hamu iliyolala kwa miaka, na ni haki yake kukuambia ataingia chumbani baada ya taa kuwashwa.